Kuipa Nguvu Kwadi ya Kazi Bila Kufungua Injini

Mwenye kwadi ya kazi akilalamika kwamba chombo chake kimeishiwa nguvu, mara nyingi hutajiwa kwanza vitu vya ndani ya injini au vilivyo karibu nayo: ekzosi ya wazi, kisanduku cha kubadilisha kipimo cha mafuta, kamu kali, pistoni pana. Vyote hivyo vipo sokoni, vina bei kubwa, na baadhi yake humfaa mtu anayetaka kukimbia. Lakini kwadi ya kazi, yaani pikipiki ya magurudumu manne iliyoundwa kubeba pipa la dawa, kuvuta tela la nyasi na kupanda kilima chenye matope, hutumia sehemu kubwa ya maisha yake ikitembea polepole kuliko baiskeli. Nguvu inayohitajika hapo ni ile inayosukuma ardhi katika mwendo mdogo, nayo hupotea hasa njiani, kati ya injini na udongo: kwenye mkanda, puli, beringi, breki na matairi. Makala haya yanafuata njia hiyo na kueleza ni wapi fedha kidogo huleta mabadiliko yanayohisiwa, na ni wapi fedha nyingi huleta kelele tu.

Kabla ya kununua chochote, ni muhimu kujua kwadi yako ni ya ukoo gani. Honda ilianza kuuza chombo cha magurudumu matatu huko Marekani mwaka 1970, Suzuki ikatoa ya magurudumu manne, QuadRunner LT125, mwaka 1982, na Honda ikaleta FourTrax 350 inayoendeshwa na magurudumu yote manne mwaka 1986. Katikati ya hayo, mwaka 1985, Polaris, kampuni ya Minnesota iliyokuwa ikitengeneza magari ya theluji, ilitoa Trail Boss yenye mkanda wa mpira na puli mbili badala ya sanduku la gia la kukanyaga. Mgawanyiko huo ungalipo. Polaris, Yamaha, Can-Am, Kawasaki na CFMOTO hutumia mkanda katika kwadi zao za kazi, ilhali Honda, katika aina kama Rancher 420, imeshikilia gia za chuma zinazozama ndani ya mafuta. Mwenye Rancher hana mkanda wa kuungua, lakini pia hana mahali pa bei nafuu pa kurekebisha uwiano wa gia, kwa sababu kuubadilisha kunadai kufungua injini au difu. Mwenye Sportsman ya Polaris, Grizzly ya Yamaha au Outlander ya Can-Am ana mahali hapo, na ndipo sehemu kubwa ya makala haya itakapokaa.

Tuanze na matairi, kwa sababu ndiyo kosa la kwanza la wengi. Mtu hununua kwadi yenye tairi za inchi 25, akaona jirani amefunga za inchi 28 zenye meno marefu, naye akazitamani. Tairi kubwa huinua tumbo la chombo na huvuka tope refu, hilo halina ubishi. Lakini nguvu inayofika ardhini ni nguvu ya kuzungusha iliyopo kwenye ekseli ikigawanywa kwa nusu kipenyo cha tairi, kwa hiyo kila inchi inayoongezwa kwenye tairi inapunguzwa kwenye msukumo. Kutoka inchi 25 hadi 27, msukumo hupungua kwa asilimia 7 hivi. Kutoka 25 hadi 28, hupungua kwa karibu asilimia 11. Hapo bado hatujahesabu uzito. Tairi ya tope huwa nzito kwa kilo kadhaa kuliko ile ya kiwandani, na uzito huo umekaa pembeni kabisa mwa gurudumu, mahali ambapo ni vigumu zaidi kuuanzisha na kuusimamisha. Fundi yeyote wa bodaboda anaijua hesabu hii kwa njia nyingine: mteja anayebeba magunia akitaka pikipiki ivute, hufungiwa spoketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi, naye hukubali kupoteza kasi. Kufunga tairi kubwa kwenye kwadi ni kufanya kinyume cha hayo, kisha kushangaa kwa nini haivuti.

Ndiyo maana, kwa shamba la kawaida, ningependekeza kubaki na kipimo cha kiwandani na kubadilisha aina ya tairi tu: yenye meno ya wastani, tabaka imara za pembeni, na uzito usiozidi sana ule wa awali. Tairi zikiwa zimelika, seti mpya ya kipimo kilekile huleta nafuu ambayo hakuna ekzosi inayoweza kuileta, kwa sababu msukumo wote wa injini hauna maana iwapo gurudumu linateleza. Anayelazimika kuongeza kipenyo kwa sababu ya mashina ya miti au tuta refu aongeze inchi moja au mbili, asizidi, na atenge fedha za kurekebisha klachi, yaani zile puli za mkanda, tangu siku hiyo hiyo.

Upepo wa tairi ni jambo dogo linalopuuzwa kuliko yote. Kwadi nyingi za kazi huendeshwa kwa upepo mdogo sana, mara nyingi kati ya psi 4 na 7, na kipimo halisi huandikwa kwenye kibandiko kilichobandikwa na mtengenezaji. Geji ya kawaida ya kituo cha mafuta, iliyotengenezwa kwa ajili ya magari yenye psi 30 na zaidi, haiwezi kusoma kiwango hicho kwa uhakika. Tofauti ya psi 2, ambayo kwa gari ni kitu kidogo, kwa kwadi ni theluthi moja ya upepo wote. Tairi iliyojazwa kama ya gari hurukaruka, hugusa ardhi kwa ukanda mwembamba wa katikati na huteleza kwenye majani mabichi. Tairi iliyolegea kupita kiasi hubanwa kwenye rimu na huongeza uzito wa kusukuma kwenye barabara ngumu. Magurudumu ya upande mmoja yakiwa na upepo tofauti na ya upande mwingine, usukani huvuta na difu hufanya kazi bila sababu. Geji ya upepo mdogo ni kati ya vifaa vya bei ya chini kabisa mwenye kwadi anavyoweza kununua, na ningeiweka mbele ya kila kitu kingine.

Sasa tufike kwenye mkanda. Mfumo huu si mpya: Mholanzi Hub van Doorne aliuweka kwenye gari dogo la DAF 600 mwaka 1958, na leo uko kwenye skuta nyingi, zile ambazo Zanzibar huitwa vespa hata kama kampuni ni nyingine. Fundi wa skuta, kwa hiyo, ataielewa klachi ya Grizzly haraka kuliko fundi wa magari. Kuna puli mbili, kila moja ikiwa na sahani mbili zilizoinama zinazotazamana. Puli ya mbele imefungwa kwenye kranki ya injini, na ya nyuma kwenye shafti inayoingia sanduku la gia. Sahani za puli zikikaribiana, mkanda husukumwa nje na kupanda kwenye mzingo mkubwa. Zikiachana, mkanda huzama kwenye mzingo mdogo. Kwadi inapoanza, mkanda umezama mbele na umepanda nyuma, hali inayolingana na gia ya kwanza. Inapokimbia, hali hugeuka.

Kinachoamua lini hali igeuke ni mapambano ya vitu vinne. Ndani ya puli ya mbele kuna vizito ambavyo hufunguka au kubiringika kuelekea nje injini inapozunguka kwa kasi, na kwa kufanya hivyo husukuma sahani ili mkanda upande. Springi ya puli hiyo huvizuia. Katika puli ya nyuma kuna springi nyingine inayotaka mkanda ubaki juu, yaani gia ibaki fupi, pamoja na kamu yenye mteremko wa kujizungusha ambayo huhisi mzigo: gurudumu likikutana na kilima, kamu hubana sahani za nyuma na kurudisha gia chini bila dereva kufanya lolote. Mtengenezaji alipochagua vizito na springi hizo, alikadiria tairi za kiwandani, dereva wa uzito wa wastani, na mara nyingi mwinuko usio mkubwa kutoka usawa wa bahari. Mwenye kwadi akibadilisha jambo lolote kati ya hayo, usawa ule huvunjika, na injini hulazimishwa kupandisha gia mapema kabla haijafikia mizunguko inayotoa nguvu zake zote. Dereva huhisi injini ikiguna huku chombo kikisuasua, naye huamini kwamba injini ni dhaifu.

Dawa yake ni vizito vyepesi zaidi na springi ya nyuma iliyo ngumu zaidi. Vizito vyepesi huchelewesha kupanda kwa mkanda, kwa hiyo injini hupata nafasi ya kufikia mizunguko yake ya nguvu; springi ngumu ya nyuma huharakisha kurudi kwa gia pale mzigo unapoongezeka na hubana mkanda usiteleze. Kwa bei za Marekani, seti kamili ya klachi kwa kwadi iliyofungwa tairi kubwa mara nyingi hugharimu chini ya dola 300, na vizito peke yake huwa nafuu zaidi. Kuna njia rahisi ya kujua kama unahitaji: kwenye uwanja tambarare na salama, vuta mafuta yote na utazame mizunguko ya injini kwenye dashibodi. Ikiwa inabaki chini sana ya mizunguko ambayo mtengenezaji anaitaja kuwa ya nguvu ya juu, vizito ni vizito mno kwa hali yako. Ikiwa inapita juu yake na kupiga kelele bila mwendo kuongezeka, vizito ni vyepesi mno, na utakuwa unachoma mafuta bure. Kupunguza gramu chache kwa kila kizito hutosha, na kupunguza kupita kiasi ni kosa la kawaida la anayefikiri kwamba kelele ni nguvu.

Kwenye Yamaha Grizzly wengi hufanya jambo dogo zaidi. Huongeza washa (pete bapa ya chuma) nyembamba, yenye unene wa takriban milimita 1, kwenye puli ya mbele ili sahani ziachane zaidi wakati wa kuanza. Mkanda huzama kidogo zaidi, gia ya kuanzia huwa fupi zaidi, na kwadi huondoka kwa urahisi ikiwa na mzigo. Gharama yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana, ingawa kazi ya kufungua kifuniko na nati ya puli inahitaji zana sahihi na subira. Washa nene kupita kiasi huacha mkanda ukilegea, ukipiga kelele na kuwahi kulika, kwa hiyo hakuna faida ya kuongeza ya pili juu ya ya kwanza.

Kabla ya seti yoyote, hata hivyo, kuna ukaguzi wa vilivyopo, na mara nyingi hapo ndipo nguvu iliyodhaniwa kupotea inapopatikana. Mkanda uliolika huwa mwembamba. Mkanda mwembamba huzama zaidi kwenye puli ya nyuma wakati wa kuanza, kwa hiyo kwadi huanza safari kwenye gia ndefu kuliko ilivyopangwa. Na mwisho wa kasi, puli ya mbele ikiwa imejifunga kabisa, mkanda huo haufiki ukingoni, hivyo kasi ya juu nayo hupungua. Yaani mkanda mmoja mchovu huiba pande zote mbili. Kitabu cha matengenezo hutaja upana wa mwisho unaokubalika, na kupima hakuhitaji kitu zaidi ya kalipa, kifaa cha kupimia upana. Sahani za puli zikiwa na utando wa vumbi la mpira, zioshwe kwa spiriti au dawa ya kusafishia breki, na kamwe zisipakwe grisi wala mafuta. Vizito vya kubiringika vikiwa vimelika upande mmoja, kwadi huruka na kusita wakati wa kuanza, na vipya si ghali. Mirija inayoingiza hewa ya kupoza mkanda nayo ikaguliwe, maana panya hupenda kujenga humo wakati kwadi imelala banda la nyasi.

Jambo jingine halina gharama kabisa. Kwadi nyingi za mkanda zina gia ya chini, iliyoandikwa L, na madereva wengi huiona kuwa ya dharura. Polaris, kwa mfano, huelekeza gia hiyo itumike wakati wa kuvuta, kupanda mteremko mkali, au kutembea kwa mwendo mdogo wa kazi, chini ya kilomita 11 hivi kwa saa. Kwa mwendo huo kwenye gia ya juu, mkanda huwa bado haujabanwa sawasawa, huteleza, hupata joto na kuungua, na nguvu inayogeuka joto haifiki kwenye gurudumu. Anayevuta tela siku nzima kwenye gia ya juu kisha akanunua mkanda imara zaidi anatibu dalili. Bado atauchoma.

Mwinuko kutoka usawa wa bahari ni habari inayotuhusu sana Afrika Mashariki kuliko inavyowahusu wengi wanaoandika miongozo ya vyombo hivi. Injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kushindilia hewa ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Sportsman 570, ambayo Polaris ilipoitoa mwaka 2014 ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 44, itazitoa zote karibu na ufuo wa Kilifi au Tanga. Eldoret, kwenye takriban mita 2,100, karibu moja ya tano ya nguvu hizo haipo, na kwenye uwanda wa Kinangop hupungua zaidi ya hapo. Mkulima wa Kinangop aliyenunua kwadi iliyotumika kutoka pwani na kufunga tairi za inchi 28 amepoteza mara mbili: kwanza kwa hewa, kisha kwa tairi. Hakuna ekzosi inayorudisha hewa iliyokosekana, ila klachi inaweza kurekebishwa ili nguvu iliyobaki itumike yote, na ndiyo sababu Polaris huweka kwenye vitabu vyake jedwali la vizito kwa kadiri ya mwinuko. Vizito vyepesi zaidi kwa nyanda za juu si ubunifu wa gereji. Ni maelekezo ya kiwandani ambayo wanunuzi wengi hawayasomi.

Kwa injini yenye sindano za mafuta, kompyuta hujirekebisha yenyewe kwa hewa nyepesi. Kwa ile ya kabureta, ambayo bado iko kwenye kwadi nyingi za zamani na baadhi ya zile za Kichina za bei nafuu, mchanganyiko huwa mzito wa mafuta kwenye nyanda za juu. Plagi hugeuka nyeusi, moshi huonekana, na injini huwa nzito. Jeti kuu (kitundu kinachopitisha mafuta) ndogo zaidi kwa hatua moja au mbili, pamoja na kurekebisha sindano ya kabureta, ni kazi ya saa chache na bei ya jeti ni kidogo sana. Ukiteremka na kwadi hiyo hadi pwani kwa muda mrefu, rudisha jeti ya awali, kwa sababu mchanganyiko mwepesi mno hupasha joto pistoni na kuiharibu.

Hewa hutupeleka kwenye chujio. Matangazo husifu chujio la pamba linalopitisha hewa nyingi zaidi, na kwa mashindano sifa hiyo inaweza kuwa ya kweli. Kwenye vumbi jekundu la shamba wakati wa kiangazi, mimi ningechagua chujio la sponji lililolowekwa mafuta maalumu, kwa kuwa linashika vumbi jembamba vizuri, na huoshwa na kutumika tena. Nguvu kidogo inayodaiwa kupatikana kwa kulegeza chujio hulipwa kwa ringi na silinda zilizokwaruzwa. Vivyo hivyo kwa desturi ya kutoboa kisanduku cha hewa au kutoa kifuniko chake: injini hulia vizuri, mchanganyiko hubadilika, na maji hupata njia fupi siku ya kuvuka kijito. Lakini chujio chafu ni tatizo halisi, na kulisafisha kila wiki wakati wa vumbi ni sehemu ya kazi kama kulisha ng'ombe.

Kuna marekebisho mengine matatu ambayo hayauzwi kama maboresho, ingawa matokeo yake huzidi mengi yanayouzwa. La kwanza ni nafasi za valvu. Zikikaza, injini huwaka kwa shida asubuhi na hupoteza mgandamizo. Kuzipima kunahitaji fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) na kitabu chenye vipimo sahihi. La pili ni breki zinazoshika. Baada ya miezi ya matope, pini za kaliperi hukwama na pedi hubaki zikigusa diski. Inua kila gurudumu, lizungushe kwa mkono ukiwa kwenye gia huru na bila kuwasha magurudumu ya mbele, na lile lisilozunguka kwa wepesi litakuambia nguvu inakwenda wapi. La tatu ni wavu wa kuzuia cheche ulio mwishoni mwa ekzosi, ambao hutakiwa kwa sheria kwenye misitu ya taifa ya Marekani na hivyo huja na kwadi nyingi popote zinapouzwa. Wavu huo huziba kwa masizi. Kwadi inayokosa pumzi kwenye mwendo wa juu, huku kila kitu kingine kikiwa sawa, mara nyingi inahitaji tu wavu usafishwe kwa brashi ya waya.

Ekzosi ya nje, ambayo kwa bei za Marekani huanzia karibu dola 300 na kupanda, ndiyo boresho linalopendwa zaidi na linalostahili kidogo zaidi kwenye kwadi ya kazi. Kipande cha mwisho kikibadilishwa peke yake, faida huwa ndogo na hukaa hasa kwenye mizunguko ya juu, mahali ambapo kwadi ya shamba haifiki. Hasara yake ipo kila siku: kelele zinazoshtua mifugo, kumchosha dereva na kukosanisha na majirani. Kisanduku cha kurekebisha mafuta kina maana pale ambapo hewa inayoingia na inayotoka vimebadilishwa kweli, kwa sababu hapo injini huhitaji mafuta zaidi ili isichemke. Kwa injini iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani, fedha hizo zingenunua mkanda mpya, vizito, chujio na geji, na bado chenji ingebaki.

Uwezo wa kubeba ni upande wa pili wa nguvu, na hapa hesabu huwashangaza wengi. Keria (rafu ya mizigo) ya nyuma ya Sportsman 570 ya matoleo ya mwanzo ilipangiwa kilo 82, na ya mbele kilo 41. Pipa la kunyunyizia dawa la galoni 25, kipimo cha kawaida kwenye maduka ya Marekani, hubeba karibu lita 95, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo pipa lililojaa limezidi kiwango cha keria ya nyuma kabla hata ya kuhesabu pampu na fremu. Kwadi hiyo itasuasua, usukani utakuwa mwepesi kwa sababu mbele imeinuka, na mwenyewe atatafuta nguvu kwenye injini. Pipa la galoni 15, lenye lita 57 hivi, au tela dogo la kuvutwa, huondoa tatizo hilo kwa bei ya chini. Kuvuta kuna kikomo chake pia: Rancher 420 imewekewa kilo 385, na Sportsman 570 hizo za mwanzo kilo 555, kwenye ardhi tambarare. Kikomo hicho hakiongezeki kwa sababu klachi imebadilishwa, kwani breki na fremu ni zile zile.

Kama nyuma inalala hata kwa mzigo halali, kwanza kaza springi za shokapu kwenye ngazi zake, kazi ambayo kwa kwadi nyingi hufanywa kwa spana maalumu inayokuja na chombo. Springi ngumu zaidi za nyuma ndizo hatua inayofuata. Vifaa vya kuinua mwili mzima ni jambo la kuepuka. Mwaka 1988 watengenezaji walikubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuuza vyombo vipya vya magurudumu matatu, na kupinduka kulikuwa miongoni mwa hofu zilizowafikisha huko. Kwadi ya magurudumu manne ni tulivu zaidi, lakini kuinua uzito wake kwa inchi mbili juu ya mteremko wa chai ni kuirudisha nyuma katika mwelekeo ule ule. Viungo vya shafti navyo hufanya kazi vikiwa vimepinda zaidi, na buti za mpira zinazovifunika huwahi kupasuka.

Mwisho ni winchi, ambayo watu huiona kama pambo. Kwa anayefanya kazi peke yake mbali na watu, winchi ya wastani, yenye kiwango cha pauni 2,500 au takriban kilo 1,130, huwa na thamani kuliko nguvu farasi kumi za ziada. Kiwango hicho kinahusu tabaka la kwanza la kamba kwenye ngoma. Tabaka zinapoongezeka, uwezo hushuka, kwa hiyo vuta kamba ndefu kadiri inavyowezekana. Puli moja ya kugeuzia kamba, ikifungwa kwenye mti na kamba ikarudi kwenye kwadi, huongeza mvuto karibu mara mbili na kupunguza kasi kwa nusu, huku ikiipunguzia mota joto. Winchi iliyokazwa hadi mwisho inaweza kunywa zaidi ya ampea 100, kiasi ambacho jenereta ya kwadi haiwezi kukitoa, kwa hiyo mzigo wote huiangukia betri. Weka betri yenye afya, safisha nyaya za hasi zinazoshika kwenye fremu, badilisha taa za zamani kwa za LED ili umeme ubaki kwa kazi, na acha injini ikiwaka unapovuta. Vuta kwa vipindi vifupi, ukisubiri mota ipoe, na usisimame kwenye mstari wa kamba.

Kwa aliye na fedha kidogo mwezi huu, basi, mpangilio wangu ungekuwa huu: geji ya upepo na usafi wa chujio kwanza, kisha kupima mkanda na kuosha puli, kisha breki na valvu, kisha tairi za kipimo cha kiwandani zikiwa zimelika, na vizito vya klachi iwapo unaishi nyanda za juu au umekwisha kuongeza kipenyo cha tairi. Mwenye Honda isiyo na mkanda aruke hatua za mkanda na vizito, na fedha zake aziweke kwenye tairi nyepesi na betri ya winchi.